Ndoo Isiyotekewa Maji

Katika mitihani ya Kiswahili, sehemu ya ufahamu, kuna agizo ambalo watahiniwa wengi hulipita mbio: eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu. Nimelifundisha somo hili kwa miaka kadhaa, na naamini kwamba uzito wote wa agizo hilo umo katika maneno mawili ya "kama yalivyotumika". Mwanafunzi aliyekariri maana zote za neno bado anaweza kukosa alama, kwa sababu anayeuliza anataka kujua neno hilo limefanya kazi gani pale lilipowekwa. Mimi mwenyewe sikulielewa jambo hili darasani. Nililielewa nilipoanza kuusoma Utendi wa Mwana Kupona, nikiwa kijana wa bara niliyeamini kwamba Kiswahili nimekwisha kukijua.

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi huo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, uwe wasia kwa bintiye, Mwana Hashima. Lahaja yake ni ya kaskazini, ya upande wa Pate na Lamu, na ubeti wa tatu unasema hivi:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Nilipousoma mara ya kwanza, nililishika neno nililolijua, yaani ndoo. Kwa kuwa wino na karatasi vilikuwa hapo karibu, nikaona kwamba binti anaagizwa alete vifaa, na kwamba ndoo ni kimojawapo, pengine ya kutilia wino. Muktadha nilikuwa nimeutazama, ila niliyatazama maneno jirani tu, nikaiacha sarufi inayoyaunganisha. Katika ubeti mzima hakuna kitenzi cha kuleta. Kitenzi "ujilisi" kina kiambishi u-, ambacho ni cha mtu anayesemeshwa. Ndoo ingedai i-. Ishara hizo mbili zilikuwa wazi mbele yangu, nami nikazipuuza kwa sababu maana niliyoibuni ilikuwa imekwisha kuniridhisha.

Kilichonirudisha nyuma ni ubeti wa pili, mama anaposema kwamba maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, naye hakupata kutamka "neno lema" la kumwambia mwanawe. Hapo hapakuwa na shaka kwamba neno lema ni neno jema, na kwamba mahali petu pa j, Mwana Kupona ana l. Ubeti wa nne ukanipa "umtaye" na "pamoya", ambayo kwetu ni umtaje na pamoja. Nikaanza kuishuku kila j ya Kiswahili sanifu: huku imekuwa l, kule imekuwa y, basi ikitanguliwa na n itakuwaje? Ndipo nilipomkumbuka bibi mmoja, jirani yetu mwenye asili ya Lamu, ambaye njia aliiita ndia na njaa akaiita ndaa, na ambaye jioni alisimama mlangoni akiwaita wajukuu wake, "Ndoo! Ndoo!", na hakuna mtoto aliyekwenda kutafuta chombo cha maji.

Kumbe ndoo ni njoo, na mbee ni mbele iliyodondosha l. Baada ya hapo "ujilisi" halikuwa gumu tena. Mtu anayeitwa asogee mbele na wino na karatasi, kabla ya kuandika ataketi, na neno majilisi, mahali pa watu kuketi na kuzungumza, tunalo tangu zamani. Kamusi isingeniokoa siku ile, kwani ningeifungua kutafuta ndoo ingenionyesha chombo cha kutekea maji, nami ningeifunga nikiwa na hakika zaidi ya kosa langu.

Hata hivyo muktadha una mpaka wake, na ni haki kuusema. Utendi unaanza kwa "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati". Binti anaweza kuwa mchache wa nini? Wa akili, wa adabu, wa mali, wa miaka? Kina cha -ti kinaeleza tu kwa nini neno limeishia hivyo, na mistari inayofuata inaweza kukubaliana na zaidi ya jibu moja. Hapa ilinibidi nitoke nje ya shairi, kwenye barua za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambamo "sanat" hutangulia tarakimu za mwaka. Kwa usomaji wangu, binti ni mchache wa miaka. Muktadha ulinipunguzia uwanja wa kutafuta, lakini uamuzi ulitoka kwingine.

Kwa hiyo wanafunzi wangu huandika dhana yao pembeni kwa penseli, wakaendelea kusoma, na dhana ikikataliwa na mstari wa mbele wanaifuta. Muhula uliopita tulifika ubeti wa nne, "Ukisa kutakarabu, Bismillahi uketubu". Ukisa walilipata upesi, kuwa ni ukisha. Uketubu wakalitoa katika kitabu na katibu, wakakubaliana kuwa ni kuandika. Ubishi ukaja kwenye kutakarabu. Msichana mmoja alisema ndani yake mna karibu, naye mwenzake akampinga kwamba binti alikwisha kuambiwa asogee tangu neno la kwanza la utendi, basi mama angelirudia kwa nini? Wa kwanza akarudi juu kwa kidole, akausoma tena ubeti wa kwanza kimya, kisha akaushuka hadi wa nne.

"Mwalimu," akasema, "kule juu alikuwa anaitwa. Hapa ameshafika."