Tulivyoishusha Sauti ya Bi Mkubwa

Mwaka 2006, kikundi cha taarabu nilichokuwa nikikipigia akodioni pale Ngamiani, Tanga, kilinikabidhi kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, nayo ni kumfanyisha mazoezi mwimbaji wetu mkuu, ambaye sauti yake ya juu, iliyomjengea jina kuanzia Pangani hadi Muheza, ilikuwa imeanza kumkimbia. Jina lake silitaji. Kikundini sote tulimwita Bi Mkubwa, japo umri wake ulikuwa haujafika hamsini. Alikuwa akipanda jukwaani tangu mimi nikiwa mtoto wa shule.

Wakubwa wa kikundi walikuwa wameshatoa ushauri wao. Mmoja alitaka tuongeze kasi ya nyimbo, tutegemee kinanda cha umeme, na Bi Mkubwa aingie kwenye mipasho kama vikundi vya Dar es Salaam vilivyokuwa vikijaza kumbi wakati ule. Mwingine alitaka apumzishwe kwa heshima, apewe mabinti awafundishe. Sina ugomvi na mipasho, na pesa yake nimeila, lakini mtu aliyetumia maisha yake kujifunza kulificha neno ndani ya fumbo huwezi kumwambia alitoe neno hilohilo uchi kwa sababu tu koo limechoka. Niliona kwamba kama kubadilika ni lazima, basi yatafutwe mabadiliko yanayotoka kwenye kile alichokuwa nacho.

Nilianza vibaya kidogo kwa kumtajia Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, akiwa mzee kabisa, na sauti yake nzito ya mkwaruzo ikiwa ndiyo hasa iliyopendwa. Bi Mkubwa alinitazama, akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Mwanangu," akasema, "Bi Kidude ni Bi Kidude. Watu walimkuta na sauti ile. Mimi watu wananijua na yangu." Jibu lake lilikuwa la haki, na lilinionyesha shida ilikokuwa. Sauti ya mwanamke kushuka anapokaribia ukomo wa hedhi ni jambo la maumbile, na wimbo unaweza kushushwa ukaifuata. Kilichokuwa kigumu ni kumbukumbu ya wasikilizaji, pamoja na yeye mwenyewe kuwa msikilizaji wa kwanza kati ya hao.

Basi nikaacha habari ya kuimba. Nilimwomba akae kitini na anighanie mashairi ya wimbo wake mmoja wa zamani, bila ala, kama anayenieleza mimi peke yangu. Alipoghani, ile sauti tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwapo: ya chini, kavu kidogo, yenye kulikalia kila neno. Nikagusa akodioni polepole nikaitafuta ilipo, nikaanzia hapo. Alinyamaza. "Hii ndiyo sauti ya kumwitia mtu chakula," akasema, "siyo ya kuimbia harusi." Lakini aliendelea.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya ufundi, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Nyimbo zetu nyingi zilikuwa za beti za mistari mitatu, kila mstari ukiwa na vipande viwili vya mizani nane, na fahari ya Bi Mkubwa siku zote ilikuwa kuuvuta mstari mzima kwa pumzi moja. Nilimwomba apumue kwenye kina cha kati. Alilikataa hilo kwa muda, akidai kwamba ni uvivu, mpaka alipogundua mwenyewe kwamba pale anapokata, msikilizaji hubaki akisubiri nusu ya pili ya fumbo, na kwamba kusubiri kule kunaweza kurefushwa. Kuanzia hapo sikuwa na la kumfundisha kuhusu jambo hilo, alilichezea atakavyo. Kipaza sauti nacho, ambacho alizoea kukiweka mbali kwa sababu sauti yake ilikuwa ikikipasua, ilibidi akisogeze karibu na mdomo na ajifunze kukikwepa kidogo kwenye herufi p na b ili zisipige kishindo.

Mgogoro mkubwa ulikuwa na fidla. Katika taarabu fidla hufuata mwimbaji, neno kwa neno, na tulipoushusha wimbo, baadhi ya sauti zilikwenda chini ya uzi wa mwisho wa fidla, hivyo mpigaji akawa analazimika kuruka juu katikati ya mstari, na kila aliporuka alimfunika mwimbaji. Tuliamua fidla ipige kati ya ubeti na ubeti tu, na kumfuata mwimbaji liachiwe gitaa, ambalo hushuka chini zaidi, na ambalo Tanga si geni, kwa kuwa vikundi kama Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa na midundo ya dansi kwenye taarabu miaka ya 1960 na 1970. Mpiga fidla wetu alinuna. Alikuwa na sababu zake, nami sikumbembeleza.

Usiku wa kujaribu ulikuwa wa harusi, chini ya turubai lililofunga mtaa mzima. Wimbo uliombwa ulikuwa uleule, na akina mama walishajiweka tayari kwa ule mlio wa juu wa mwanzo. Bi Mkubwa aliomba kiti. Alipoanza chini, minong'ono ilipita, na nyuma yangu nilimsikia mtu akiuliza kama anaumwa. Ubeti wa kwanza ukaisha bila mtu kuinuka kutunza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Nilimtazama nikitarajia atapandisha sauti, kwa maana uwezo wa kupandisha mara moja au mbili bado alikuwa nao, lakini hakupandisha. Kwenye ubeti wa pili alikata katikati ya mstari wa mwisho, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kufanya mazoezini, gitaa likizunguka palepale. Mwanamke mmoja wa makamo akasimama, akaja mbele kwa mwendo wa maringo, noti ameishika juu, macho yake yakiwa kwa mtu mwingine kabisa upande wa pili wa turubai. Aliiweka ile noti mkononi mwa Bi Mkubwa, akabaki amesimama hapo hapo hadi nusu ya pili ya mstari ilipotoka. Vigelegele vikapasuka, na wengine wakaanza kupanga foleni.

Wiki zilizofuata tulishusha nyimbo zake karibu zote. Mmoja, wa kumtoa biharusi, alikataa katakata tuuguse. Tuliuacha ulipokuwa, na kila ulipoombwa alimsukuma binti mmojawapo mbele auimbe, kisha akakaa pembeni akimsahihisha matamshi.