Sisi Hatunywi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu na dada zangu.

Wiki hii sikutaka kuandika tafakari ya kundi letu hili la simu. Nilimwomba amiri, kiongozi wa kundi, amtafute mwengine, akanijibu kwa neno moja tu: "Andika." Basi naandika, na mtanisamehe nikianza na aibu yangu mwenyewe.

Alhamisi iliyopita, baada ya Alasiri, nilikuwa narudi nyumbani Kisauni. Njia ile mnaijua: tuktuk upande huu, bodaboda upande ule, mama wa viazi karai keshateka nusu ya kando ya barabara. Simu ikalia. Mlikuwa ni nyinyi. Mmoja wetu aliuliza swali juu ya tafakari ya wiki ya nyuma, ile niliyoandika mimi kuhusu subira, nami nikaona si adabu kumweka. Nikashika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwengine nikaanza kumjibu. Nimefika "Subira, ndugu yangu, ni", nikasikia ukelele. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Mbele ya boneti alisimama mtoto wa chuoni, wa madrasa, wa miaka saba au minane, juzuu amelikumbatia kifuani, mguu mmoja mtupu. Ndara yake ilikuwa chini ya gurudumu langu. Mzee mmoja akaja dirishani. Akaitazama simu iliyokuwa ingali inawaka mapajani mwangu, akazitazama ndevu zangu, akasema taratibu, "Mwanangu, ulikuwa umelala?"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikarudi nyuma kidogo. Mtoto akainama, akaiokota ndara, akaipangusa kwa kanzu yake, akaenda zake akichechemea kwa kuwa mkanda ulikuwa umekatika. Mimi nilibaki palepale mpaka waliokuwa nyuma wakanifukuza kwa honi.

Usiku usingizi haukuja, nikakaa kupiga hesabu. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunauita wa pole, kila sekunde linakata mita 11. Kusoma ujumbe mfupi ni sekunde tatu. Mita 33, basi, nilikwenda bila macho, katika njia yenye watoto. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu hukaribia ajali mara nne zaidi ya asiyeitumia, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani kuliko barabara. Haya niliyasoma zamani. Nadhani hata niliwahi kuyatuma kwa watu, huenda nikiwa naendesha.

Sasa nisikilizeni. Ajali ikitokea usiku wa Jumamosi, gari likakutwa limejibamiza kwenye nguzo, sisi hutikisa vichwa: "Walevi hao." Na kweli pombe inaua, sina la kuitetea. Humchelewesha mtu kuona, humchelewesha kuamua, humchelewesha kukanyaga breki, na wakati huohuo humnong'oneza kwamba leo yuko sawa kuliko siku zote. Sheria yetu ya Kenya imeweka mpaka wa mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, ingawa kwetu sisi mpaka uliwekwa zamani zaidi, na ni sifuri. Lakini Alhamisi ile lau polisi wangenisimamisha na Alcoblow yao, kile kipima pombe cha kupuliza, ningepuliza, ningepita, na pengine ningeambiwa, "Endelea, sheikh." Pumzi safi, na ndara ya mtoto chini ya gari.

Sayyidna Umar (r.a.) alisimama juu ya mimbari akasema khamri, yaani kileo, ni kile kinachoifunika akili. Sitoi fatwa kwamba simu ni khamri. Mimi si mtu wa fatwa, na masheikh wamo humu. Ninachosema ni kuwa siku ile akili yangu ilikuwa imefunikwa gubigubi. (Na wale ndugu zetu wanaotafuna muguka, yale majani ya kuondoa usingizi, usiku kucha ili wafike Nairobi bila kulala, wakijisifu kwamba hawanywi, nao wajitazame. Mwaka 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilipoupiga marufuku na mahakama ikasimamisha amri ile, tulibishana wiki nzima humu juu ya siasa zake. Juu ya madereva hatukusema hata neno.)

Nilitaka kuzungumzia mambo matatu, ila moyo umeng'ang'ania moja, na hilo ni la ami yangu.

Ami, Mola amrehemu, alikuwa dereva wa trela, akichukua mizigo bandarini Kilindini na kuipeleka mpaka Malaba. Pombe ya mnazi hakuwahi kuionja. Sala zake alizisali kando ya njia, mkeka anautandika kwenye kivuli cha trela. Jioni moja, mimi bado mdogo naenda chuoni, alikuwa amepita Mariakani akageuza kaseti. Ndiyo, kaseti, simu za mkononi hazikuwapo. Aliinama kuitoa upande A aiweke upande B. Alipoinua macho, alikuwa ameshampiga mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji.

Mambo ya serikali yalikwisha kwa namna yake. Ami aliporudi, alikwenda kwa sheikh wake, na bila shaka alitaraji kuambiwa neno tulilozoea sote: ajali haina kinga, ni kadari ya Mungu, nenda kapumzike. Sheikh akamfungulia Suratun Nisaa, aya ya 92. Mwenye kuua kwa kukosea ana deni mara mbili. Diya, yaani fidia ya damu, kwa wenye maiti, ila wakisamehe wenyewe. Na kafara kwa Mola wake: kuacha huru mtumwa, na asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo.

Wenyewe walisamehe diya. Ami akawapelekea mbuzi na magunia ya mahindi hata hivyo, kisha akaanza kufunga. Namkumbuka kila magharibi pale barazani, tende mkononi, akisubiri adhana. Siku ya 38 malaria ikamwangusha, akafungua. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kauli inayotegemewa ni kuwa ugonjwa unakata mfululizo. Akaambiwa aanze upya, tangu siku ya kwanza. Hakubisha. Majirani walikuwa wakimpitia, wakimuuliza, "Mbona funga hii haiishi?" Naye akiwajibu, "Ni ya kaseti." Hakuwahi kuongeza neno.

Ndugu zangu, huyu ni mtu asiyelewa, asiyekusudia, tena mcha Mungu, na bado aya haikumwambia "nenda kapumzike". Sisi tumepata wapi ruhusa ya kujiambia? Neno lenyewe "ajali" tumelitoa kwenye Kiarabu, ajal, muda uliopangwa, ule ambao ukifika hautangulii wala haucheleweshwi. Tunaliamini hilo. Lakini tumeligeuza shuka la kufunikia uzembe. Marehemu ajal yake ilikuwa imefika, ndiyo. Na wewe uliyekuwa ukicheka na simu, hesabu yako iko palepale. Mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake ategemee tu, aliambiwa amfunge kisha ategemee. Na ngamia haendi kilomita 80 kwa saa.

Wengi wetu tumebandika ile dua ya safari juu ya deshibodi, Subhanalladhi sakhkhara lana hadha. Ninayo mimi pia, ya rangi ya dhahabu. Malizeni kuisoma. Ndani yake tunakiri kuwa chombo hiki wenyewe tusingekiweza, na kwamba kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea. Nimekuwa nikiisoma huku natafuta mtandao.

Mtume (s.a.w.) alitaja haki za njia, na ya kwanza ni kuinamisha macho. Kuinamisha tunainamisha kweli, lakini kwenye simu. Ya pili ni kuzuia udhia. Hapo sina la kuongeza.

Na nyinyi mnaopiga simu, msidhani mmepona. Unajua mume wako yuko njiani toka Mtwapa, unampigia mara tano, asipopokea unanuna. Unajua dereva wa matatu anaendesha na kiwiko huku anaandika, umekaa kiti cha mbele, umenyamaza kwa haya. Mwambie, "Kaka, iweke." Akikufokea, umefokewa, utafika nyumbani.

Kwangu mimi simu sasa inapanda gari kwenye buti. Ukiniandikia baada ya Alasiri nisijibu, niko njiani, nawe uniombee dua badala ya kunitumia alama za kuuliza.

Jumanne nilimtafuta yule mzee, akanipeleka kwa kina mtoto. Nilikuwa nimenunua ndara mpya. Mama yake aliniuliza kama ndimi mwenye gari la bluu, nikasema ndimi, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mwanawe. Mtoto akazipokea kwa mkono wa kulia, akasema, "Shukran, ami." Nilipoondoka nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta, ndara zake mkononi, anangoja nipite kabisa ndipo avuke.