Soma kwanza, futa baadaye: data za kontrolboksi na taa ya injini

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi ya Vitz, IST au Probox, gari likapelekwa kupimwa, mara nyingi mwenye gari hurudi na jibu moja tu: "oksijeni sensa." Mashine imesoma P0171, fundi amefuta, sensa imenunuliwa, na wiki ya pili taa imewaka tena. Mashine haikudanganya. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, imeongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake na bado hewa imezidi. Sensa ndiyo iliyoleta habari, na kumfukuza mleta habari hakuzibi mpira wa hewa uliopasuka.

Kwa hiyo kitufe cha kufuta kisiguswe mwanzoni. Msimbo unapohifadhiwa, kontrolboksi huhifadhi pia picha ya hali ya gari wakati ule ule: mzunguko wa injini, joto la maji, mzigo, mwendo, na kiasi cha mafuta kilichokuwa kinaongezwa au kupunguzwa. Kwenye mashine nyingi picha hiyo imeandikwa Freeze Frame. Ukifuta, vyote vinaondoka kwa mkupuo mmoja: msimbo, picha, na marekebisho ya mafuta ambayo kontrolboksi imejifunza kwa muda mrefu. Piga picha ya skrini kwa simu kabla ya jambo lolote. Msimbo uliotokea injini ikiwa na nyuzi 28 na gari limesimama si tatizo sawa na uliotokea kwenye nyuzi 90 na mwendo wa kilomita 80, hata kama namba ni ile ile.

Soketi ya kuchomekea mashine ina matundu 16 na iko chini ya usukani au karibu yake. Tundu la 16 ni chanya ya betri moja kwa moja, la 4 na la 5 ni hasi. La 6 na la 14 ni waya mbili za CAN, mtandao ambao kontrolboksi za gari huzungumzia. La 7 ni K-line, waya mmoja wa magari ya zamani kidogo. Kwenye Toyota nyingi tundu la 13 ni TC: ukiliunganisha na la 4 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa "on" na injini imezimwa, taa za dashibodi hupepesa misimbo bila mashine yoyote. Ila hakikisha matundu mara mbili. Waya huo ukigusa tundu la 16 unaunguza fyuzi.

Kinachopita kwenye waya hizo si fumbo. Mashine inauliza, kontrolboksi inajibu. Kwenye CAN swali la mzunguko wa injini hutumwa kwa anwani 7DF likiwa 01 0C: huduma ya 01, yaani data hai, kipimo cha 0C. Kontrolboksi ya injini hujibu kutoka 7E8: 41 0C 0B B8. Ile 41 ni 01 iliyoongezwa 40, kuonyesha kwamba ni jibu. Namba hizi ni za heksadesimali; kwa hesabu ya kawaida 0B ni 11, B8 ni 184. Zidisha 11 kwa 256, jumlisha 184, unapata 3000; gawanya kwa 4, injini inazunguka 750 kwa dakika. Joto la maji ni rahisi zaidi: ukijibiwa 41 05 7B, 7B ni 123, toa 40, ni nyuzi 83. Ukijua hesabu hii unaelewa pia kwa nini sensa ya joto iliyochomoka huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri: ndiyo namba ya chini kabisa ambayo kipimo hicho kinaweza kubeba.

Hapo hapo kuna kipimo kizuri kisichogharimu kitu. Mashine ikionyesha -40 na msimbo P0118, chomoa plagi ya sensa ya joto la maji na unganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya. Namba ikiruka mpaka juu ya 130, nyaya na kontrolboksi ni wazima, nunua sensa. Ikibaki -40, waya umekatika njiani au kontrolboksi ina kasoro, na sensa mpya haitasaidia.

Sasa, magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na hapa ndipo vidude vya Bluetooth vya ELM327, vinavyounganisha soketi na simu, huonekana vibovu bila kosa. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa pamoja wa kusoma magari, kuanzia magari ya mwaka 1996, na CAN kuanzia 2008. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Gari lililouzwa Japani halikubanwa na sheria hizo, kwa hiyo soketi ina umbo lile lile lakini kontrolboksi inazungumza lahaja nyingine. Kwa Toyota za K-line, kwenye programu kama Torque, nenda kwenye mipangilio ya gari uweke amri za kuanzia: ATIB96, ATIIA13, ATSH8113F1, ATSPA4, ATSW00. Ya kwanza inaweka kasi ya 9600, ya pili inaamsha anwani 13, ya tatu ni kichwa cha ujumbe, ya nne inaanza na itifaki namba 4, na ya mwisho inazima ujumbe wa kuamsha unaojirudia. Zipo kontrolboksi ambazo hata zikiunganishwa hujibu maombi ya huduma ya 21 tu, na hizo zinataka programu yenye orodha ya Toyota yenyewe.

Usinunue kidude kwa maandishi ya kwenye kasha. Kampuni ya ELM haikuwahi kutoa toleo la v1.5, lakini vidude vinavyojiita v1.5 viko kila mahali, na baadhi vinafanya kazi vizuri kuliko vingi vinavyojiita v2.1. Kipimo ni kukiandikia amri: kikijibu alama ya kuuliza kwa ATIIA13 au ATIB96, hakijui amri hiyo, na gari lako la K-line halitafunguka hata ufanye nini.

Mashine ikikataa kuunganika kabisa, weka kompyuta kando na uchukue multimita. Pima tundu la 16 na la 4: lazima upate volti za betri, 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa. Ukipata sifuri ni fyuzi. Toyota nyingi zina fyuzi iliyoandikwa OBD, na kwenye baadhi ya magari soketi hushirikiana fyuzi na kiwashio cha sigara, kwa hiyo chaja mbovu ya simu inaweza kuua soketi nzima. Kisha chomoa betri, pima ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14. Ohm 60 ni sawa, kwa sababu ncha mbili za CAN zina ohm 120 kila moja. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana.

Kama nyaya ni nzima na taa ya injini haiwaki hata ukiweka swichi "on", shuku volti 5 za sensa. Kontrolboksi inagawa volti 5 kwa sensa kadhaa, na moja ikipiga shoti inaweza kuilaza kontrolboksi nzima. Chomoa sensa hizo moja baada ya nyingine, ya throto, ya presha, za kanyagio la mafuta, huku swichi iko "on". Ile ambayo ukiichomoa taa inawaka na mashine inaunganika ndiyo yenye tatizo. Kontrolboksi nyingi nzima zimebadilishwa kwa sababu ya sensa moja ya aina hii.

Turudi kwenye P0171, maana hapa data hai zina faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Tafuta STFT na LTFT. Hizi ni asilimia za mafuta ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza: ya kwanza ni ya papo hapo, ya pili ni iliyokwisha jifunza. Zijumlishe. Ndani ya 5 juu au chini ni injini nzuri, mpaka 10 inavumilika, na zikishikilia juu ya 20 msimbo uko njiani. Pasha injini, kisha andika jumla mara mbili: ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu ukiwa umeshikilia resi ya mizunguko 2500 kwa dakika.

Chukua gari lenye +22 kwenye sailensa na +5 kwenye 2500. Kuna hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya hewa. Tundu lina ukubwa ule ule muda wote. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, basi ile ya wizi ni sehemu kubwa, lakini ukikanyaga mafuta inamezwa na hewa nyingi halali. Kagua bomba la mpira kati ya ea klina na throto, hasa kwenye mikunjo, mpira wa kupumulia injini, na gasketi ya manifodi. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio huku ukitazama STFT: ikishuka ghafla, umepata. Wapo wanaotumia kisafishio cha kabureta. Kinaonyesha haraka zaidi lakini juu ya manifodi ya moto kinawaka, na sikipendekezi.

Gari la pili lina +3 kwenye sailensa na +20 ukikanyaga. Hapa mafuta hayatoshi, au sensa ya hewa imechafuka na inahesabu pungufu. Pima presha ya mafuta: injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 inataka kilopaskali 304 mpaka 343. Presha ikiwa sawa, safisha waya mwembamba wa MAF, yaani sensa ya hewa, kwa dawa yake maalumu, usiuguse kwa kitambaa. Injini ya lita 1.5 iliyopata joto, ikiwa sailensa, husoma gramu 2 hivi kwa sekunde. Tahadhari moja: gari linalopima kwa presha ya manifodi badala ya MAF huona hewa hiyo ya wizi, hivyo dalili yake kubwa ni sailensa kupanda, si asilimia kupaa.

Kwenye Toyota zenye sensa ya A/F (ya uwiano wa hewa na mafuta), mashine za kawaida huonyesha volti 0.66 zilizosimama tuli na watu huhukumu sensa imekufa. Volti halisi ni 3.3, mashine inaonyesha moja ya tano yake, na kusimama tuli ndiyo kazi yake inapokuwa nzima.

Jambo la themostati, vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, linaniuma. Kwa hofu ya joto letu, mafundi wengi huitoa. Tazama joto la maji gari likiwa barabara kuu: likikaa nyuzi 65 au 70, themostati haipo au imekwama wazi. Ya 1NZ-FE hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kontrolboksi inaamini injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta ya kupashia, na mwenye gari analalamika kituo cha mafuta. Gari likichemka bila kuitoa, ubovu ni rejeta, feni au pampu ya maji.

Gari likimisi, yaani silinda ikikosa kuwasha mafuta, na msimbo ni P0302, hamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3. Msimbo ukigeuka P0303, koili. Ukibaki pale pale, angalia plagi, kisha nozeli, kisha kompresheni.

Anayenunua gari la mkononi asiridhike na "hakuna misimbo". Aombe kuona umbali tangu misimbo ifutwe, kipimo cha 31 katika huduma ya 01, na orodha ya majaribio ya ndani ambayo kontrolboksi imemaliza. Umbali wa kilomita 3 na majaribio yote hayajakamilika maana yake kuna mtu amefuta asubuhi hiyo. Si kila Toyota ya Japani inajibu kipimo hicho. Hapo tazama LTFT, maana sifuri kamili kwenye gari lililotembea miaka 15 haiji yenyewe.

Na ukimaliza kusoma, chomoa kidude. Tundu la 16 lina umeme hata funguo zikiwa mfukoni. Kidude kinachokula miliampea 40 kinamaliza karibu ampea-saa 1 kwa siku, na betri ndogo ya ampea-saa 35 ikikaa wiki mbili bila kuwashwa, stata inaanza kulalamika. Volti zikianguka chini ya 10 wakati wa kupiga stata, kontrolboksi za ABS na usukani huandika misimbo ya uongo, na kazi inaanza upya.