Karatasi ya dawa iandikwe na tarehe ya mwisho

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Nakuru. Wagonjwa wetu wengi ni wa ajali: boda boda, matatu, malori ya upande wa Salgaa. Mtu anaingia paja limevunjika, anawekewa chuma, anaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi imeandikwa tramadoli 50 mg, dawa kali ya maumivu ya jamii ya opioidi, ambayo mwili unaweza kuizoea. Inaanza lini, inajulikana. Inaisha lini, haijaandikwa popote.

Nililiona tatizo hili vizuri kwa mkulima mmoja wa viazi kutoka Molo. Alirudi kliniki miezi mingi baada ya upasuaji, bado ananunua dawa kwa kemisti. Alikuwa amefika kapsuli nane kwa siku, yaani 400 mg, kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima. "Sista, nikikosa hizi silali." Nikamwomba anionyeshe kwa kidole panapouma. Akapapasa paja, akapapasa kiuno, mwisho akasema ni mwili mzima. Akichelewa kumeza anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtoka, jasho, tumbo linaendesha, na usiku miguu haitulii.

Daktari aliangalia eksirei kwanza. Mfupa umeunga, chuma kiko mahali pake, hakuna usaha. Nilipomweleza mkulima kwamba anachosikia ni mwili uliozoea dawa ukiidai, alishusha pumzi. Kumbe muda wote huo alikuwa akihofia chuma kimelegea na atapasuliwa tena.

Hatukumkatiza ghafla. Daktari aliagiza ipunguzwe kapsuli moja, mwili utulie wiki moja au mbili, ndipo ipunguzwe nyingine. Tulianza na za mchana, ya usiku tukaiacha mwisho kwa sababu usingizi ndio uliokuwa ukimtisha zaidi. Mkewe ndiye aliyeshika kopo, akawa anatia alama kwenye daftari la watoto la shule. Alipewa paracetamol, gramu 1 kwa wakati mmoja, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Diclofenac, dawa nyingine ya maumivu, hakupewa, kwa sababu inaweza kuumiza tumbo na yeye ana vidonda vya tumbo. Pombe nilimkataza kabisa, maana ikikutana na tramadoli inaweza kuzima pumzi. Alipofika kapsuli mbili alikwama. Tukamwacha papo hapo kwa muda, bila kumpandisha, akiendelea na mazoezi ya mguu. Baadaye zikaisha.

Kumtoa mtu huko ni kazi ndefu, kwa hiyo nguvu zangu sasa nimezipeleka mwanzoni. Kabla ya upasuaji naongea na mgonjwa na ndugu zake: utaumwa, hasa siku za kwanza, na tutakutibu. Paracetamol inatolewa kwa saa zilizopangwa, hata kama hajalalamika, pamoja na ibuprofen, dawa ya maumivu inayofanana na diclofenac, kwa asiye na shida ya figo au tumbo. Tramadoli inaongezwa juu yake kwa siku chache tu, na namwomba daktari aandike tarehe ya mwisho. Nauliza pia habari za sigara, usingizi na mawazo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kuwa kama watu 6 katika 100 ambao hawakuwa wakitumia dawa za opioidi kabla ya upasuaji walikuwa bado wanazichukua baada ya miezi mitatu, iwe upasuaji ulikuwa mdogo au mkubwa. Wavutaji sigara na wenye wasiwasi au sonona walikuwa hatarini zaidi.

Tafadhali, mtu asisome haya akamnyima mgonjwa dawa. Anayeumwa sana baada ya kupasuliwa hakohoi vizuri, haamki kitandani, na hapo ndipo nimonia na damu kuganda miguuni zinapompata. Na mgonjwa wa saratani anayetumia mofini ana mpango wake tofauti kabisa, usimguse.

Kapsuli zikibaki, nawaambia wazirudishe duka la dawa la hospitali. Wasimpe jirani mwenye maumivu ya mgongo.