Ubavu ulipata ufa, mchujo nimekosa mara mbili, na bado napiga makasia

Naandika hii maana kila nikikutana na washikaji pale Raskazone, Tanga, swali ni lile lile, we bado tu unapiga makasia? Ndio, bado. Nina miaka 31, nimeanza na 19, na kama ni medali sina hata moja, nilichonacho ni viganja vimekua vigumu mpaka simu inakataa alama ya kidole naishia kuandika namba ya siri kama mzee.

Mjomba wangu ni mvuvi, anashusha samaki pale mwalo wa Deep Sea toka mi sijazaliwa, nimekulia kwenye mtumbwi wake napiga kafi unaangalia mbele unaona unakoenda. Makasia ya resi ni kinyume kabisa. Unakaa umeipa mgongo safari, kiti kinateleza kwenye reli, na nguvu kubwa inatoka miguuni sio mikononi kama watu wanavyodhani. Kuna mgeni mmoja alikua na boti ya resi ya mtu mmoja, ile ya kilo 14 hivi, ndefu mita nane na nyembamba kuliko benchi la darasani, alipokua anaondoka akaniachia nimtunzie na hakurudi tena. Mjomba aliponiona nayo mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, "We mtoto, chombo gani hicho unaendesha kwa rivasi?"

Shida ya boti ile ni mawimbi, kusi ikianza kuvuma tu umejaa maji. Kwa hiyo nilikua natoka saa kumi na moja alfajiri wakati wa umande, upepo unatoka bara bahari imelala kama mafuta, nazunguka mpaka karibu na kisiwa cha Toten narudi kabla jua halijakua kali halafu naenda kazini. Miaka mitano hivyo hivyo.

Mchujo wa kwanza wa kuingia kambini ulikua nje ya nchi, kambi inachukua watu wachache. Mimi nilikua uzani mwepesi, wanaume mwisho kilo 72.5, na unapimwa ndani ya masaa mawili kabla ya resi sio jana yake kama ngumi. Nikapanda mizani, 73.3. Jamani. Nilivaa majaketi mawili nikakimbia kwenye jua, natema mate kwenye chupa, nusu saa kabla ya mizani kufungwa ndo nikapita, nikanyonya chungwa moja nikaingia majini. Resi ni mita 2000. Mpaka mita 1000 nilikua wa pili najiona bingwa, kufika 1500 macho yakaanza kuona giza, miguu ipo lakini kama ya mtu mwingine, nikamaliza wa pili kutoka mwisho. Hapo simlaumu mtu, nilikula wali wa nazi wa mama wiki nzima kabla ya safari nikajidanganya jasho litamaliza kila kitu.

Nikarudi nikajiandaa upya, safari hii nikazidisha. Ndo ubavu ukaja. Ulianza kama kichomi ukikohoa, nikapaka dawa ya kuchua nikaendelea wiki tatu nzima, ujinga mtupu. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu nikaambiwa misuli hiyo, kumbe ufa wa namna ile mara nyingi mwanzoni hauonekani kwenye eksirei, mfupa haujavunjika kwa kupigwa bali umechoka, misuli inauvuta maelfu ya mara kila wiki mpaka unakubali. Ni jeraha la kawaida kwa wapiga makasia ila nani angenambia. Siku moja naamka nikapiga chafya nikalia, na sio kulia kwa mfano, nililia kweli mke wangu akadhani kuna msiba. Mchujo wa pili niliufuatilia kwenye simu nimelalia mito mitatu.

Hapo ndo nilitaka kuacha, niseme ukweli. Boti nikaifunika turubai. Jina la utani mtaani nilishapewa, "Niger", kwa sababu ya yule jamaa wa nchi ya Niger, Hamadou Djibo Issaka, aliyeenda kupiga makasia Olimpiki ya London 2012 akiwa na mazoezi ya miezi mitatu tu, kwao ni jangwa, akawa anafika mwisho kila resi wenzake washamaliza zamani na uwanja mzima unamshangilia. Walikua wananicheka nayo mimi nikawa naipenda. Maji yale yale, mwaka ule ule, Katherine Grainger wa Uingereza ndo alipata dhahabu yake ya kwanza baada ya kuchukua fedha mara tatu mfululizo, 2000, 2004 na 2008. Watu wanamkumbuka kwa dhahabu, mi nawaza zaidi ile asubuhi baada ya fedha ya tatu, unaamka unaanzia wapi?

Mimi nilianzia kwenye kopo. Mjomba alikuja nyumbani na kopo la rangi lina simbi za baharini ndani, nikamsalimia shikamoo mjomba, akaitika marahaba huku anazihesabu chini kwenye mkeka. Tano. Akasema kila simbi makasia ishirini, ukimaliza unarudi nyumbani, na kesho ukiamka huumwi unaongeza moja, ukiumwa unatoa mbili. Basi. Sio kwenye boti ya resi, kwenye mtumbwi wake, fundi kaufunga vishwara, vitanzi vya kamba, pembeni nikapitisha makasia, yeye kakaa tezi, kule nyuma, anadondosha simbi moja moja kwenye kopo, ta, ta, ukimaliza tano anageuza na kafi yake hata kama wewe unajisikia vizuri. Siku ya nne nikamdanganya kwamba siumwi. Akaniangalia navyoshuka kwenye mtumbwi nimeshika ubavu, hakusema neno, siku tatu hakuja. Kopo alienda nalo.

Nilichukua karibu miezi mitano kufika simbi sitini. Ukiniuliza nini kilinirudisha nitakwambia hicho, kilikua ni kitu ambacho siwezi kukizidisha, maana kosa langu miaka yote ni kuzidisha. Vidonge vya maumivu, mashine ya jimu, kote huko nilizidisha.

Sasa nimepona, fomu inarudi, ndo nikasikia uzani mwepesi umefutwa Olimpiki, Paris 2024 ilikua mwisho. Nilicheka tu. Nafasi yake Los Angeles 2028 wameweka resi za baharini za kuanzia ufukweni, unakimbia mchangani unaruka kwenye boti, unapita maboya kwa kuzungukazunguka mita 250, unageuza, unarudi moja kwa moja, unaruka tena unakimbia mpaka mstari. Boti zenyewe ni pana na nzito, mawimbi ruksa. Nikamwonyesha mjomba video akatazama mpaka mwisho akasema, "Hii si ndo mnacheza hapa watoto kila Ijumaa?"

Sidanganyi mtu kwamba naenda Los Angeles, kuna vijana wa miaka 20 huko wana boti na makocha. Ila kuna resi za kufuzu ndogo ndogo nazitaka, na mtumbwi wa mjomba kwa uzito unanitosha kujifunzia.

Jumamosi iliyopita tumeweka madumu manne kama maboya. Nimegeuza vizuri, nimerudi vizuri, nimeruka, mguu ukanasa kwenye kamba ya nanga ya watu nikalala kifudifudi mchangani watoto wote wanapiga makofi. Mjomba kashika simu yake na saa inahesabu. "Inuka, haijasimama hii." Nikainuka nikakimbia. Kaangalia muda, hakunitajia, kaniambia tu nirudie haraka, maji yanakupwa.