Unizidishie hozi yangu, na unilinde na uovu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na ile sala ya Yabesi, 1 Nyakati 4:10, najua wengi tumeiandika kabisa kwenye daftari za maombi, Bwana nibariki, nizidishie hozi yangu, yaani eneo langu ninalomiliki. Sasa siku hizo hizo nilikuwa nasoma habari za Stephen Austin, yule Mmarekani anayeitwa baba wa Texas, basi vitu viwili vikagongana moyoni usingizi ukakata.

Ile kazi ya kupeleka walowezi Texas hakuianza yeye. Baba yake, mzee Moses, alifilisika huko Missouri, akafunga safari mpaka San Antonio huko Texas, enzi hizo chini ya Hispania, kuomba kibali cha kuleta familia 300, Januari 1821 akakubaliwa, Juni akafa. Mama akamwandikia kijana kwamba baba ameondoka akiomba mwanawe aimalize. Kijana ana miaka 27. Kafika kule, mwaka huo huo Meksiko inajitoa kwa Hispania, kibali kinakuwa cha mashaka, ikabidi aende Mexico City, akakaa karibu mwaka mzima anafuatilia ofisi kwa ofisi huku anajifunza Kihispania. Baadaye serikali ya Meksiko ilimweka hata jela. Hakuoa, 1836 nimonia ikamchukua ana miaka 43. Jamani ule uvumilivu unanigusa, mimi nina maono ambayo niliyaacha nilipoambiwa tu njoo kesho.

Ila ile nchi haikuwa tupu. Wakarankawa, wenyeji wa asili wa pwani ya Texas, walikuwa wanavua kwenye ghuba zile toka enzi za mababu zao, na hao walowezi wakawapiga vita na kuwasukuma watoke, wakati familia moja ya wafugaji inapewa eka 4,428, hebu fikiria ukubwa huo. Na aliyekuja na watumwa aliongezewa ardhi kwa ajili yao! Hesabu ya 1825 ilikuta watu 1,790, kati yao 443 ni watumwa, karibu robo nzima, na wao pia walikuwa na Mungu wao wanayemlilia usiku.

Ndio nikarudi kwa Yabesi nikaona sijawahi kuimaliza sala yake. Kuna pale anaposema unilinde na uovu. Mimi siku zote nilidhani ni uovu wa watu dhidi yangu, wachawi, maadui, wasionitakia mema. Sikuwahi kufikiri unaweza kuwa wa mikono yangu mwenyewe, siku ile hozi inapozidi na palikuwa na mtu pale.

Mwezi uliopita tumepata kiwanja, bei ni ya chini mno, tukashukuru kanisani na nikatoa ushuhuda. Dalali alitaja juu juu kwamba kuna mzee analima mihogo upande wa chini ila tusijali, ataondoka. Sikuuliza ataondoka aende wapi. Jumamosi mimi na mume wangu tunaenda kukaa na huyo mzee kabla hatujalipa chochote, naomba mtubebe kwenye maombi.