Umio uliokatika: nilivyounganisha kwa sumaku bila kufungua kifua

Mtoto anapozaliwa umio umekatika, kipande cha juu huishia kama kifuko na cha chini huanzia tumboni. Njia ya sumaku aliyoibuni daktari Mario Zaritzky wa Argentina huvuta ncha hizo mbili zikutane. Sehemu ngumu kuliko zote ni kupima pengo.

Nalipima chini ya eksirei, nikisukuma ncha taratibu kwa mipira miwili, yaani mirija laini: mmoja mdomoni, mwingine kwenye tundu la kulishia tumboni. Likifika sentimita 4 nasubiri. Mvuto hufifia haraka sana umbali ukiongezeka, na sumaku zisizovutana zitamwachia mtoto vidonda tu. Kusubiri kuna faida: vifuko hukua vyenyewe kuelekeana, hasa katika wiki 8 hadi 12 za mwanzo. Nahakikisha pia umio haujaungana na njia ya hewa. Mtoto mwenye kasoro hiyo hafai kuwekewa sumaku.

Siku ya kuweka, kila mpira hubeba sumaku nchani, na nyuso za sumaku hizo lazima zitazamane sawasawa. Zikikaa mshazari hushikana ubavuni. Mipira ikishakaa naibandika kwa plasta na kuweka alama palipoishia, ili muuguzi wa zamu aone mara moja mpira ukiteleza hata kidogo. Mate ya kifuko cha juu yafyonzwe kwa mashine muda wote, la sivyo yataingia mapafuni. Fizi nazo zikaguliwe kila zamu, maana mpira huzichubua. Kitandani naweka bango: MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa) marufuku.

Eksirei ni kila siku. Mwanzoni mwendo ni mdogo. Pengo likishakuwa dogo mvuto hupanda ghafla na sumaku hushikana. Hapo ndipo watu huharakisha kuzitoa, na ni kosa kubwa. Nyama iliyobanwa katikati inahitaji muda ife kwa kukosa damu huku kingo zake zikiota pamoja. Ukivuta mapema, kiungo kinavuja kifuani. Sumaku zikitoka napitisha mpira wa kulishia mahali hapo, kisha napiga picha kwa dawa ya kuonyesha uvujaji kabla ya maziwa ya kwanza kupita mdomoni.

Wazazi nawaambia mapema kuhusu kovu. Katika takwimu za kuidhinisha Flourish, kifaa cha sumaku hizi, huko Marekani mwaka 2017, watoto wote 16 waliunganika ndani ya siku 3 hadi 10, lakini 13 walibanwa na kovu wakahitaji kupanuliwa kwa puto, kuwekewa kibomba cha kushikilia njia, au vyote viwili. Kwa hiyo miadi ya kupanua naipanga kabla mtoto hajaruhusiwa. Maziwa yakianza kurudi au mate kujaa mdomoni, arudishwe siku hiyohiyo.